Kahawa Iliyoachwa Ipoe

Kikombe kilikuwa kwenye sinia karibu na dirisha, kahawa yote imo ndani, imepoa, machicha yametulia chini.

"Nani alikuja, mama?" nilimwuliza mama mkwe wangu.

"Hakuna."

"Na kahawa hii?"

"Nilijipikia."

Daktari alimkataza Ummu Nizar kahawa miaka minne iliyopita. Tena kikombe kile kilikuwa kimoja kati ya vile vya mstari wa dhahabu, ambavyo hatuvitoi ila kwa mgeni. Nilisimama na mifuko yangu ya sokoni mkononi nikamtazama. Alikuwa akichambua dengu. Alitoa kijiwe kimoja, akakigeuzageuza, akakiweka kando taratibu. Nimeishi na mwanamke huyu miaka tisa, miwili nikiwa mke wa mwanawe huko Homs na saba nikiwa mjane wa mwanawe hapa ukimbizini Irbid. Akidanganya, lazima mikono yake ipate kitu cha kuchambua.

"Rihab," akasema bila kuinua kichwa, "lile basi tulilopanda siku ile, mimi nilikaa upande wa dirisha, sivyo?"

Niliweka mifuko chini. Miaka saba hatujawahi kulitaja lile basi.

"Kwa nini unauliza?"

"Basi tu. Mzee hukumbuka." Akarudi kwenye dengu zake.

Nilitoka kwenda kumwaga taka ili nipate hewa. Ngazini nilimkuta Ummu Luai, jirani wa chini, mwenyeji wa Irbid, ambaye humjua kila anayepanda kwa mlio wa viatu vyake. Alikuwa akideki ngazi, au akijifanya.

"Mwalimu wako wa maigizo alikuwa hapa," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Saa nzima, tangu saa tano. Shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate."

"Ustadhi Sufiani?"

"Kwani una walimu wangapi, Ummu Sidra?" akasema, akiniita kwa jina la binti yangu kama wanavyoniita wote. "Nilimpelekea mama mkwe wako biskuti za tende, nikaona kikombe kiko mbele ya mgeni, hakijaguswa. Nikajiambia, shuka mwanamke, hapa kuna jambo."

Kwetu Homs na huku Irbid desturi hii ni moja. Mgeni akiletewa kahawa akaiweka chini bila kuinywa, ana ombi. Mwenye nyumba akimwambia "kunywa", amepewa alichokijia. Asipoambiwa, anaondoka na kiu yake.

"Na wewe unadhani ni jambo gani?" niliuliza.

"Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, hana mke, anaweka kahawa chini nyumbani kwa mjane. Unataka nikuandikie ubaoni?" Akaegemea fimbo ya dekio. "Ila nikuambie kama dada. Wanaume wetu nawajua, nimezaa watatu. Mwaka ule mlipoingia kwa wingi walikuwa wakipita mitaani kuuliza nyumba gani ina Msyria wa kuolewa, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Simsemi yeye. Ila jiulize kwa nini amekuja saa ambayo anajua uko kazini."

Nilimwaga taka nikabaki nimesimama pale pipani kama mjinga. Ummu Luai alikuwa na dhana moja. Mimi nilikuwa na mbili, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa ikinichoma.

*

Tulikuwa wanawake kumi katika kundi la maigizo, tisa Wasyria na mmoja wa hapa hapa. Tulikutana Jumatatu na Jumatano katika ukumbi wa jumuiya ya wanawake, juu ya duka la mapazia. Sufiani alikuwa mwalimu wa shule mchana na mwalimu wetu jioni. Siku ya kwanza nilikwenda kwa sababu kulikuwa na hita na watu wa kuongea nao. Siku ya pili nilikwenda kwa sababu ya namna alivyosikiliza, ameinamisha kichwa kidogo, hakatizi, hajifanyi kulia.

Kazi yetu ilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kinachosemwa kwenye duara hakivuki kizingiti. Ya pili, hakuna anayeigiza kisa chake mwenyewe. Kila mmoja alikitoa kisa chake akampa mwenzake akiigize, ili watazamaji wasijue kipi ni cha nani, na mwenye jeraha asilazimike kulifungua mbele ya watu. Mimi nilipewa kisa cha Khaula wa Daraa. Khaula akapewa changu.

Na changu kilikuwa hiki. Asubuhi tulipoikimbia vita ya Homs tulikuwa tumeshapanda basi, mimi na mtoto mapajani, mama mkwe dirishani, mume wangu Nizar amesimama kwenye njia. Akamtazama mama yake usoni, kisha akaniinamia sikioni. "Mama amesahau meno yake kwenye glasi. Nakwenda na kurudi, dakika kumi. Usimwambie, atanizuia." Akateremka. Basi lilimngoja nusu saa, kisha dereva akakataa kungoja zaidi. Siku ya tatu jirani alinipigia simu. Walimkuta kwenye ngazi za nyumba yetu. Meno alikuwa nayo mfukoni, amefunga kwenye leso.

Ummu Nizar nilimwambia kwamba alirudi kufunga gesi. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe wa pekee amekufa kwa ajili ya meno ya bandia? Hapa Irbid daktari mmoja wa msaada alimtengenezea mengine, mazuri tu. Hayavai. Anasema yanambana. Mwaka wa saba sasa anachovya mkate kwenye chai, na mimi namgombeza kwa ukaidi wake, nikishukuru moyoni kwamba hajui.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu hadi siku ile kwenye duara. Nilipomaliza, Sufiani hakusema pole. Aliniwekea glasi ya chai ya maramia, yale majani ya kutuliza, mbele yangu, bila sukari. Sikumbuki kumwambia kwamba sitii sukari. Alikuwa ameona. Usiku ule nililala nikiwaza glasi ya chai kama msichana wa miaka kumi na saba.

Lakini nilimpa sharti. Watu wangekuja kuangalia, na watu wana ndimi. "Kwenye onyesho isiwe meno. Iwe miwani."

"Kisa chako, uamuzi wako," alisema. Kisha akakwaruza ndevu zake. "Ila miwani ni kitu cha kawaida, Ummu Sidra. Meno ndiyo yanayofanya mtu acheke kabla hajaumia. Ukiyaondoa, kisa kinakuwa cha mtu yeyote."

"Ndivyo ninavyotaka. Kiwe cha mtu yeyote."

Alikubali. Lakini wiki nzima nilimwona akitazama pale kwenye miwani kila Khaula alipoigiza, kama fundi anayetazama mlango uliopinda. Na kabla yake alishakuja kijana mmoja wa kupiga picha, mpole, mnyenyekevu, akatusikiliza sote, na baada ya miezi sita uso wa mmoja wetu ukaonekana kwenye kalenda ya ukutani. Kwa hiyo nilijua wapole hufanya nini.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaza pale kwenye pipa la taka. Amekwenda kwa mama mkwe wangu nyuma ya mgongo wangu, akaweka kahawa chini, akaomba meno yarudishwe kwenye mchezo. Amemwambia.

*

Onyesho lilikuwa kesho yake saa tisa alasiri, wiki ya likizo ya shule, kwa wanawake tu. Nilifika ukumbini asubuhi. Sufiani alikuwa juu ya ngazi akifunga taa. Khaula alikuwa akipanga viti, naye ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hajawahi kuuza chochote.

"Teremka," nilimwambia Sufiani.

"Habari ya asubuhi, Ummu Sidra."

"Teremka kwanza, habari utaipata."

Khaula akaweka kiti alichokibeba. "Nitoke?"

"Usitoke," tulisema pamoja, mimi na Sufiani.

"Basi nipo, lakini mimi ni kiti," akasema Khaula, akaketi.

Sufiani aliteremka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala, na hiyo haikumsaidia. Mtu mwenye dhamiri safi hulala.

"Jana ulikuwa wapi saa tano?"

"Kwenu."

"Angalau wewe umekiri. Mwenzako amesema hakuna aliyekuja. Ulikwenda kufanya nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nimempa Ummu Nizar neno langu kwamba sitasema mpaka yeye aseme."

"Neno lako. Nyumba ni yangu, kahawa ni yangu, mama mkwe ni wangu, na neno mmepeana ninyi wawili." Sauti yangu ilianza kupanda. Niliirudisha chini. "Nikuulize moja tu. Ulimwambia habari za meno?"

"Hapana."

"Basi kwa nini, baada ya miaka saba, ameniuliza kuhusu basi siku ile ile uliyokwenda kuketi kwake?"

Nilimwona akishtuka. Hakujua kwamba ameuliza. Au alikuwa mwigizaji bora kuliko sisi sote, na hilo ndilo tatizo la kumpenda mtu wa maigizo. Loo, nimelisema. Ndiyo, nilikuwa nampenda, na ndiyo maana nilitaka kumpiga kwa kiti.

"Ummu Sidra, sikuvusha chochote kwenye kizingiti hiki."

"Uliyataka meno yale. Niliona ulivyokuwa ukiitazama miwani."

"Niliyataka kwa ajili ya mchezo. Ukakataa, yakaisha."

"Na kahawa je? Ulikwenda kuomba nini?"

Akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi, na hakuyaondoa macho. "Rihab," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Miaka saba hakuna mwanaume aliyeniita kwa jina langu. Nimekuwa mama wa fulani na mjane wa fulani mpaka nikasahau jina hilo linasikikaje kwa sauti nzito.

"Ngoja mpaka leo jioni," akasema. "Ikifika jioni ukaona nimekukosea, usinijibu salamu tena maisha yako yote."

"Sihitaji jioni. Mimi sipandi jukwaani leo. Tafuta mtu mwingine."

Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni Khaula alipoacha kuwa kiti.

"Na mimi?" akasema.

"Wewe nini?"

"Kisa changu unacho wewe. Ukiondoka nacho, nani atakisema? Miezi minne nimekukabidhi mama yangu aliyezikwa bila mimi kuwapo. Kagombane na mwanaume wako, sikukatazi. Lakini rudisha mzigo wangu kwanza."

"Si mwanaume wangu."

"Haya, kagombane na mwanaume wa serikali. Saa tisa uwe hapa."

Niliweka mkoba chini. Sufiani alipanda tena ngazi yake, na mpaka saa tisa hatukusemeshana ila "sogeza", "shika" na "tosha".

*

Nilimkataza Ummu Nizar asije. Nilimwambia ngazi za ukumbi ni ndefu, ni kweli, na kwamba mchezo wenyewe ni wa vijana, si kweli. Kwa hiyo nilipochungulia nyuma ya pazia nikamwona kwenye safu ya mbele, amevaa gauni lake jeusi la Ijumaa, mkono wa Ummu Luai begani kwake, nililiachia pazia.

Nilimgeukia Sufiani, aliyekuwa kwenye swichi za taa. "Umemleta wewe."

"Wallahi sikumleta." Alikuwa amepauka.

Nilianza mimi, na kisa cha Khaula. Sikumbuki nilivyokisema, ila kwamba wanawake wawili nyuma walilia na Khaula alinipa dole gumba kutoka upande wa pili. Kisha taa ikahamia kwake. Aliketi kwenye kiti cha basi, akakumbatia furushi la nguo kama mtoto mchanga. Mtu asingeamini kwamba ni yule yule mwenye sauti ya sokoni.

"Akaniinamia sikioni," akasema Khaula taratibu. "Akaniambia, mama amesahau miwani yake. Nakwenda na kurudi. Dakika kumi."

"Haikuwa miwani."

Sauti ilitoka safu ya mbele. Laini, ya mdomo mtupu, lakini ukumbi wote uliisikia. Ummu Nizar alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Haikuwa miwani, binti yangu. Yalikuwa meno."

Khaula alibaki na furushi lake. Aligeuza kichwa kuelekea nyuma ya pazia, kunitafuta. Hakuna mazoezi tuliyofanya kwa jambo kama hilo. Sufiani hakuizima taa wala hakuihamisha. Aliiacha ilipo.

Nilitoka. Nilitembea jukwaani kwa miguu yangu mwenyewe, nikaharibu kanuni ya pili, nikaenda mpaka ukingoni mbele yake.

"Nani alikuambia, mama?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye nilikuwa dirishani." Hakulia. Alizungumza nami kana kwamba tuko jikoni. "Nilihisi kinywa changu kitupu, nikajifunika kwa ncha ya mtandio. Akaniona. Aliona kila kitu yule, toka mdogo. Kisha akateremka. Nilimwona kwa kioo akikimbia kuelekea nyumbani, nikajua anafuata nini. Ningegonga kioo, Rihab. Mkono wangu ulikuwa hapa." Akainua kiganja, akakisimamisha hewani. "Sikugonga. Niliona aibu kuingia nyumba za watu bila meno. Nikajiambia, dakika kumi."

Chini, dukani, mtu alikuwa akipasua kitambaa.

"Mbona hukuniambia?" nilisema.

"Ukaniambia kuhusu gesi. Nikadhani hujui. Nikajiambia, akijua kwamba ningeweza kumzuia mumewe nisimzuie, atanichukia, na mimi sina mtu mwingine. Nikakuachia gesi yako."

Miaka saba. Wanawake wawili, chumba kimoja na nusu, chungu kimoja, kila mmoja amesimama mlangoni kumlinda mwenzake dhidi ya jambo ambalo wote tulilijua. Niliteremka jukwaani nikamshika. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilisikia Khaula akiwaambia watu, kwa sauti yake ya kawaida, "Jamani, mchezo umekwisha, lakini chai ipo."

*

Nyumbani nilimkalisha, nikamvua viatu, nikamwuliza lile lililobaki.

"Jana alikuja kuomba nini?"

"Wewe," akasema Ummu Nizar.

Nilijifanya naweka viatu vizuri.

"Nikamwuliza, mwanangu alikufaje? Nilijua mlikuwa mkisimuliana huko. Nilitaka kujua kama unajua. Akasema, mama, yasemwayo kule siyatoi nje. Nikamwuliza mara ya pili. Nikamwuliza mara ya tatu, nikamwambia, nijibu nikuambie unywe. Akatazama kahawa ikipoa, asijibu. Kijana wa watu, jasho linamtoka." Akatikisa kichwa. "Nikamwambia, basi hunywi. Nina neno la kumwambia Rihab kwanza, na nikishalisema, akinichukia, aondoke na wewe bila mimi. Na usimwambie ulikuja."

"Kwa hiyo ulijua leo utasimama kule."

"Sikujua. Nilikwenda nipate ujasiri wa kukuambia nyumbani. Lakini yule mnene alipotaja miwani, nikakasirika. Mwanangu hakufa kwa ajili ya miwani."

Sufiani alikuja kabla ya Magharibi, shati lile lile. Sikumpokea mlangoni kama mtu aliyesamehe. Nilikuwa nimemkosea, nalijua hilo, lakini mtu akikaa miaka saba akishuku haachi kwa siku moja.

"Umekuja peke yako," nilisema. "Wako wapi watu wako?"

"Dada yangu amekataa kuja."

"Amesemaje?"

"Amesema ni mjane, ni mgeni, ana mtoto, na ana mama mkwe."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yote manne ni kweli."

Ummu Nizar alicheka akaficha mdomo kwa mtandio. Kisha akanyanyuka, akaingia chumbani, tukamsikia akivuta droo.

Nilipika kahawa. Nilimimina kwenye kikombe cha mstari wa dhahabu, nikakiweka mbele yake. Akakisogeza nusu shibiri, akaweka mikono magotini. Sidra, binti yangu, alikuwa kwa Ummu Luai, na nina hakika wote wawili walikuwa wamebandika masikio kwenye dari.

Ummu Nizar akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika, mashavu yamejaa, kidevu kimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu Homs nilimwona mama yake Nizar kama alivyokuwa siku ya harusi yangu. Alikuwa ameyavaa meno ya Irbid. Akaketi, akavuta sahani ya mikate mikavu ya ufuta.

"Mimi nimeshamaliza yangu," akasema, herufi zote zikitoka kamili. "Aliyepika kahawa ndiye wa kuulizwa."

Wakanitazama wote wawili.

"Mama huyu haachwi," nilimwambia Sufiani. "Kama umekuja kunichukua mimi na mtoto, kisha yeye tutamtembelea Ijumaa, hiyo kahawa kamwagilie maua."

"Chumba chake nimeshakipaka rangi."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Nilikunja uso. "Kabla hujaja kuuliza? Ulikuwa na hakika hivyo kwamba utapewa?"

"Sikuwa na hakika hata kidogo." Alinitazama kama siku ile ya chai isiyo na sukari. "Kilikuwa kinahitaji rangi hata hivyo, Rihab."

Ummu Nizar alichukua mkate mmoja. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumsogezea glasi ya chai achovye. Akaisukuma kando. Akaung'ata mkate mkavu vile vile, na chumba kizima kikasikia ulivyovunjika. Alitafuna taratibu, machozi yakimshuka, asiyafute, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipogeuka.

"Kunywa, Ustadhi," nilisema. "Mimi sipashi kahawa mara mbili."

Akakiinua kikombe kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia mpaka mwisho, kisha nikakichukua nikachungulia ndani, nihakikishe hakubakiza.